Sekunde Tatu za Mtoto wa Mbwa

Mtoto wa mbwa mwenye umri wa wiki 11 anapoitwa kutoka upande wa pili wa chumba, jambo la kwanza analolifanya si kuja. Husimama pale alipo, mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani, sikio moja limesimama na jingine bado limelala, akamtazama aliyemwita, akaitazama soksi aliyokuwa akiiburuta, kisha akayarudisha macho kwa aliyemwita. Nimemtazama wa kwangu akifanya hivyo mara nyingi sana, hata nikajikuta ninahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Kabla sijafika nne huwa ameshaamua, na uamuzi wenyewe si lazima unipendeze. Mara huja mbio mpaka akajigonga kwenye miguu yangu. Mara huikamata soksi yake vizuri zaidi na kuingia nayo uvunguni mwa kiti.

Sekunde hizo tatu hazipo katika michezo mingi ya video inayomweka mbwa kando ya mchezaji. Mbwa wa kwenye skrini akiitwa huja, akiambiwa akae hukaa, akionyeshwa adui humrukia, na baina ya amri na utii hapapiti hata unywele. Mimi ni mpenzi wa michezo hiyo na ni mpenzi wa mbwa, na kwa muda mrefu sikuona tatizo lolote, kwa kuwa niliuchukulia utii huo kuwa ni heshima ambayo watengenezaji wanampa mnyama huyu. Siku hizi ninaona kinyume chake. Kumwondolea mbwa kusita ni kumwondolea nia yake mwenyewe na kumbakizia umbo, manyoya na mkia. Na kwa kuwa wako watu wengi wanaomzoea mbwa wa kwenye skrini kabla ya kumlea wa damu na nyama, kasoro hiyo huvuka skrini na kuingia nyumbani.

Sababu ya watengenezaji kufanya hivyo ni ya kiufundi, na si haki kuipuuza. Mchezo wa video umejengwa juu ya ahadi moja, kwamba kidole kikibonyeza kitufe, kitu kitatokea papo hapo. Anayecheza huhisi ucheleweshaji hata wa sehemu ndogo ya sekunde, na akiuhisi hasemi kwamba mhusika anatafakari, bali husema kwamba mashine imekwama au programu ina hitilafu. Kwa hiyo mbwa anayesita anafanana mno na mbwa aliyeharibika. Zaidi ya hapo kuna tatizo la njia: mnyama huyu anatakiwa apite milangoni bila kumziba mwenzake, apande ngazi, avuke mto, wala asiachwe nyuma mchezaji anapokimbia. Katika mchezo wa Fallout wa mwaka 1997, mbwa aitwaye Dogmeat aliweza kufa, na wachezaji wengi walimpoteza kwa sababu alijiingiza mwenyewe kwenye kuta za nishati zenye kuua. Katika Fallout 4 ya mwaka 2015, mbwa mwenye jina hilohilo hafi kabisa. Akizidiwa hulala chini akilia, kisha huinuka tena. Watengenezaji wake walimleta studio mbwa wa kweli, jike wa aina ya German shepherd aitwaye River, wakarekodi sauti zake na kuutazama mwendo wake kwa karibu, na matunda ya kazi hiyo yanaonekana: Dogmeat anainamisha kichwa, anachungulia, anatangulia na kugeuka nyuma kumtazama mwenzake. Umbo limefika studio salama. Hiari ndiyo iliyoachwa mlangoni.

Minecraft inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu ndani yake hiari hiyo ipo kwa kitambo, kisha inafutwa mbele ya macho yetu. Mbwamwitu waliingizwa katika mchezo huo mwaka 2011. Anayetaka kumfuga mmoja humpa mifupa, wala hajui ni mfupa wa ngapi utakaomshawishi. Huenda ukawa wa kwanza, huenda ukawa wa sita. Hapo mnyama ana haki ya kukataa, na mchezaji analazimika kusubiri huku akimtazama machoni. Akishakubali, ukosi huvishwa shingoni mwake na haki ile inakwisha. Akiambiwa akae, atakaa hapo mpaka mchezaji atakaporudi, iwe ni baada ya dakika tano au baada ya mwezi mzima. Akiachwa mbali huku akiwa anafuata, hutoweka alipokuwa na kuibuka karibu na mwenyewe. Mtoto wake hukua akawa mkubwa kwa dakika 20. Mkia wake ni kipimo cha afya: ukiwa juu yu mzima, ukishuka ameumia. Siukosoi ubunifu huo kama ubunifu, kwa maana kuutumia mwili wa mnyama badala ya kuweka mstari mwekundu juu ya skrini ni wazo zuri sana, na namna anavyoinamisha kichwa upande mchezaji anaposhika nyama inaonyesha kwamba aliyemchora amewahi kukaa mezani na mbwa.

Mkia wa mbwa halisi, hata hivyo, unasema mambo mengi zaidi, na baadhi yake yanapingana na tunavyodhani. Mtoto wa mbwa huutikisa mkia kwa furaha, huutikisa kwa wasiwasi, na huutikisa pia anapoomba asisogelewe. Tofauti iko kwenye kimo cha mkia na kasi yake, na zaidi kwenye mwili uliobaki: kama mgongo umelegea au umekakamaa, kama anajilamba midomo pasipo chakula, kama anapiga miayo bila usingizi, kama amegeuza uso pembeni huku weupe wa jicho ukichungulia. Mtu aliyefundishwa na skrini kwamba mkia unaotikisika ni ruhusa atamnyanyua mtoto wa mbwa aliyekuwa anaomba kuachwa, na akiumwa atasema ameumwa bila onyo. Onyo lilikuwapo, tena kwa lugha nne kwa pamoja.

Hapa ndipo ninapofika kwenye mdomo, ambao michezo imeunyamazia kuliko kiungo kingine chochote. Katika mchezo, mdomo wa mbwa una kazi ya kumng'ata adui, kubeba vitu na kumlamba mchezaji. Katika nyumba yenye mtoto wa mbwa, mdomo ndiyo habari ya asubuhi na ya jioni. Mtoto huyo huwa na meno 28 ya utotoni, membamba na makali kama sindano, yanayoota kati ya wiki ya tatu na ya sita. Kuanzia umri wa miezi minne hivi huanza kung'oka kupisha meno 42 ya ukubwani, na katika kipindi hicho fizi humwasha, naye hutafuna mguu wa meza, kamba ya kiatu, kona ya zulia na kidole cha mtu kwa bidii ileile. Hana hasira na mtu. Mdomo ndio mkono wake; kwa mdomo huo huuliza kitu ni nini, ni kigumu kiasi gani, na kikishikwa kitafanya nini.

Mahali anapojifunza kipimo cha kuuma ni miongoni mwa ndugu zake. Wawili wanapocheza na mmoja akazidisha nguvu, aliyeumizwa hulia kwa sauti nyembamba na kuuacha mchezo, na aliyeuma hubaki peke yake. Baada ya mara nyingi za namna hiyo, anaelewa kwamba jino likizama sana raha inakwisha. Ndiyo maana wajuzi wa mbwa husisitiza asitenganishwe na mama yake na ndugu zake kabla ya kutimiza wiki nane. Binadamu anayempokea anaendelea na somo hilo pale ndugu zake walipoishia, na njia ni ileile: meno yakigusa ngozi kwa nguvu, mkono unaondoka na mchezo unasimama kwa kitambo, kisha kitu kinachofaa kutafunwa kinaletwa. Hapahitajiki kofi wala kelele, maana kofi humfundisha kuuogopa mkono, na mkono unaoogopwa ndio unaoumwa zaidi baadaye.

Kuna saa moja ya jioni ambayo kila aliyelea mtoto wa mbwa anaifahamu. Ghafla mnyama aliyekuwa ametulia anakunja mgongo, anaulaza mkia, na kuanza kuzunguka chumba kwa mbio za ajabu, akiteleza kwenye kona, akipita chini ya meza na kutokea upande wa pili, akiuma visigino vya kila aliyesimama. Wa kwangu humaliza mizunguko mitano au sita, hugonga ukuta kwa ubavu bila kujali, kisha hujitupa sakafuni na ndani ya dakika moja huwa amelala fofofo huku miguu ikitikisika. Mara ya kwanza niliogopa. Baadaye nilielewa kwamba aliyekuwa mbele yangu ni mtoto aliyechoka kupita kiasi na hajui kwamba amechoka. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na akikosa usingizi huo, meno ndiyo yanayotangulia kutoa taarifa. Sijapata kuona mchezo unaomruhusu mbwa wake alale kiasi hicho, na ninaelewa ni kwa nini. Lakini ninajua pia watu wanaomwamsha mtoto wa mbwa kila anapofumba macho, wakiamini kwamba kumpenda ni kucheza naye bila kikomo.

Mchezo uliokaribia zaidi maisha ya mtoto wa mbwa ni Nintendogs, uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 2005 na kuuza karibu nakala milioni 24. Uzuri wake haukuwa katika wingi huo. Ulikuwa katika kumtaka mchezaji afundishe. Mtoto wa mbwa alipewa jina, na jina hilo lilitamkwa mara kadhaa kwenye maikrofoni ya mashine mpaka alipolizoea. Alipokaa, mchezaji alitamka neno la amri wakati huohuo, akarudia, akarudia tena, na wakati mwingine hakueleweka. Hiyo ndiyo elimu halisi ya mbwa kwa kiini chake: kukinasa kitendo kinapotokea, kukipa jina, kukilipa mara moja. Thawabu inayochelewa hata sekunde chache humlipa mbwa kwa kitu kingine, kwa kuwa wakati huo ameshainuka, amenusa sakafu au ametazama dirishani, na yeye huamini kwamba analipwa kwa hilo la mwisho.

Palipobaki pengo ni kwenye wakati. Watoto wa mbwa wa Nintendogs hawakui. Wakisahauliwa huchafuka na kuwa na njaa, hata kukimbia nyumbani, lakini mlango haufungwi daima. Wakati wowote mchezaji atakaporudi atawakuta walewale. Kwa mbwa halisi wakati ni mkali. Kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya 12 hadi ya 14 ndipo anapojifunza ni viumbe gani na sauti gani ni sehemu ya dunia yake ya kawaida, na majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1961 yalionyesha kwamba watoto wa mbwa waliolelewa bila kukutana na binadamu mpaka wiki ya 14 walibaki na woga mkubwa kwao. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa wanazungumzia mbwa, lakini sioni msemo unaolieleza jambo hili vizuri zaidi.

Baada ya dirisha hilo kuna balehe, ambayo haimo katika mchezo wowote niliowahi kuucheza. Utafiti wa mwaka 2020 uliofanywa na wanasayansi wa Uingereza uligundua kwamba mbwa wenye umri wa miezi minane walikuwa wazito kutii amri ya kukaa ilipotolewa na mlezi wao kuliko walivyokuwa wakiwa na miezi mitano, ilhali mtu mgeni alipowaamuru hawakuonyesha uzito huo. Kwa mlezi, jambo hilo linauma. Ninaamini wako mbwa wengi waliotolewa nyumbani wakiwa na miezi minane hadi kumi kwa kosa la kuwa na miezi minane hadi kumi, na walezi wao wangewavumilia kama wangejua kwamba kusita huko kumerudi kwa muda tu.

Kwa hiyo ninaiheshimu sana michezo miwili iliyothubutu kumwachia mnyama kusita kwake. Wa kwanza ni Haunting Ground wa kampuni ya Capcom, wa mwaka 2005, ambamo msichana anayewindwa ndani ya kasri anasaidiwa na mbwa mweupe aitwaye Hewie. Mwanzoni Hewie hamsikilizi sana. Inabidi asifiwe anapofanya vyema na akemewe anapokosea, na anayemtendea vibaya humkosa saa ya hatari. Wa pili ni The Last Guardian wa mbunifu wa michezo Fumito Ueda, uliotoka mwaka 2016 baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi, wenye mnyama mkubwa aitwaye Trico, ambaye si mbwa kamili kwa kuwa ana manyoya ya ndege na miondoko ya paka, lakini aliyewahi kulea mtoto wa mbwa atamtambua mara moja. Mvulana anamwita, anamwonyesha ukingo wa kurukia, na Trico anatazama kwingine. Ananusa. Anajikuna. Anautazama ukingo, anaonekana kupima umbali, anarudi nyuma hatua moja, na ndipo anaporuka.

Wapo wahakiki waliouhesabu ucheleweshaji huo kuwa kasoro kubwa ya mchezo, na siwalaumu wote, kwa sababu kuna mahali ambapo mtu hawezi kutambua kama Trico amesita au programu imeshindwa. Lakini walioukataa kusita kwenyewe, wakadai kitufe kijibiwe kama vitufe vingine, nadhani walikuwa wanaomba kuondolewa kwa kitu pekee kilichomfanya Trico awe hai. Mimi nilicheza sehemu ya kwanza kwa hasira na sehemu ya pili kwa upole, na kilichobadilika katikati hakikuwa programu. Niliacha kumwita mara tano mfululizo, nikamwita mara moja na kungoja. Ndilo kosa nililokuwa ninalifanya nyumbani pia. Jina linalorudiwa mara tano bila kungojewa hugeuka kuwa kelele, na mtoto wa mbwa hujifunza kwamba si lazima alijibu la kwanza.

Kukosa kuzijua sekunde hizo tatu kuna gharama. Anayeamini kwamba mbwa ameelewa papo hapo ataamini pia kwamba asiyekuja amekataa kwa makusudi, na kutoka hapo hatua ya kufikia adhabu ni fupi. Mtu anarudi nyumbani, anakuta mto umechanwa, anapaza sauti, naye mbwa anainamisha kichwa, anabana mkia na kukwepa macho. Mtu anasema, tazama, anajua alilolitenda. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio lililolichunguza jambo hilo, na akaonyesha kwamba sura tunayoiita ya hatia ilijitokeza zaidi pale mwenye mbwa alipokemea, iwe mbwa alikuwa amekula alichokatazwa au hakukila. Mbwa yule anaijibu sauti ya saa ile, wala si mto wa saa ya mchana. Katika michezo, ambako kila tendo hufuatwa na matokeo yake mara moja, adhabu ya kuchelewa haina nafasi, na labda hicho ni kitu kimoja ambacho walezi wangeweza kukiazima huko.

Jambo la mwisho ni la kumpapasa. Mwaka 2019 ilianzishwa akaunti ya Twitter (mtandao ambao sasa unaitwa X) iitwayo Can You Pet the Dog?, yaani Je, unaweza kumpapasa mbwa?, iliyoeleza kama mbwa wa mchezo fulani anaweza kupapaswa au la, na umaarufu wake umewafanya watu wengi wakihesabu kitufe cha kupapasa kuwa haki ya msingi ya mchezaji. Ninaona mapenzi ya kweli ndani yake. Hata hivyo kitendo kinachoonyeshwa mara nyingi ni kilekile: mtu anainama, mkono unashuka kutoka juu hadi utosini, na mbwa anafumba macho kwa furaha. Mtoto wa mbwa asiyemjua mtu, akishushiwa mkono kutoka juu, huinamisha kichwa ili mkono umkose, au huudaka kwa meno. Anayependa kuguswa hupenda zaidi kifuani au ubavuni, na humwonyesha mtu hivyo kwa kusogea mwenyewe.

Ningependa kuona mchezo mmoja ambamo kitufe hicho hakitoi pendo, bali kinatoa mkono. Mchezaji akibonyeza, mhusika wake achuchumae kwa ubavu, aushushe mkono chini ya kidevu cha mbwa na kuuacha hapo. Mbwa aunuse. Zipite sekunde mbili, zipite tatu. Pengine asogee na kuegemeza bega lake kwenye goti, na mkono uhamie kifuani. Pengine apige miayo, ageuze uso, aende kujilaza penye kivuli. Katika hali hiyo ya pili kusitokee ujumbe wowote wa kosa wala sauti ya kushindwa. Mbwa alale, na mchezaji aendelee na shughuli zake mpaka mnyama atakapoamka.